Paluku wa Reli Hajafa

Kisangani, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Keti kwanza. Yaya Kambale, kaka yangu, kama ni wewe unayemsomea, mpe Mama kiti na usiruke mstari hata mmoja, maana nakujua. Mama, mimi Kavira wako ni mzima, mume wangu ni mzima, na watoto wanakula na kugombana kama kawaida. Nawaza sana magoti yako na baridi ya Bulengera huko Butembo. Sasa neno lenyewe nalisema bila kuzunguka: Baba yu hai. Yuko hapa mlangoni anamenya ndizi, na ananisumbua niandike herufi kubwa.

Najua mlimlilia. Sisi tumejua juzi tu, kwa yule jirani yenu anayeuza vitenge, ambaye ndege ndogo zilipoanza tena kuruka alipanda ya kwanza. Alikuja kwangu kunipa pole ya msiba, akamkuta marehemu amekaa kwenye kiti. Aliacha begi lake lianguke, akakataa kumpa mkono. Baba akamwambia kwa Kinande kwamba maiti hana mkono wenye joto, ashike aone. Akashika, akaanza kulia, na sisi sote tukalia pamoja naye.

Kosa ni la jina, Mama. Ni sisi Wanande tu tunaoweza kumwita Paluku kila mvulana wa kwanza, kisha kushangaa. Hapa walikuwapo Paluku wawili wa reli: Baba, na rafiki yake mzaliwa wa upande wa Beni, aliyekuwa akitia kuni kwenye mashine ya treni Baba alipokuwa mkuu wa kituo kwenye njia ya Ubundu. Huyo rafiki ndiye aliyekufa, kwa homa. Mtu wa phonie, ile redio ya parokia ya kupelekea habari, alitangaza kwamba mzee Paluku wa reli amefariki, ili kama ana ndugu wasikie. Mkasikia ninyi. Kisha askari wakaichukua phonie, na hatukuwa na njia ya kujua kwamba umenyoa kichwa chako.

Nimekililia hicho kichwa, Mama, kuliko vyote. Baba alikuja kwa ubatizo wa kitinda mimba wangu, akae kidogo na kurudi, vita ikafunga njia nyuma yake, na mtoto yule leo anasoma. Muda wote huo ulikuwa unamngoja, na mwisho wake wakakuambia hivyo.

Usidhani alikaa hapa bure. Siku zile majeshi mawili ya kigeni yalipopigana juu ya mji wetu, mabomu yakipita juu ya mabati, aliwaingiza watoto chini ya meza naye akaingia pamoja nao, na uzee wake wote. Wao wanamwita koko, kama babu anavyoitwa hapa. Aliwaambia, "Ile munasikia inapita, ile haiko ya kwetu." Walimwamini. Hata mimi, niliyekuwa nimejikunyata kando ya sufuria, nilimwamini, kwa kuwa alijifunza jambo hilo vitani Abisinia, akiwa askari, kabla hata hajakujua wewe.

Kuhusu Abisinia, yaya Kambale, hapa ndipo nakuomba usiruke. Muuza vitenge alitusimulia hotuba yako ya matanga. Ulisema Baba aliwaua Waitalia wengi. Baba alimwomba airudie, akacheka mpaka akakohoa. Anasema alibeba mgongoni bamba la chuma la kukalishia mzinga kupanda na kushuka milima, akala mizizi, akaharisha, na Mwitalia wa kwanza kukutana naye alikuwa ameinua mikono na ana njaa kumpita yeye. Ulisema pia kwamba katika kazi yake ya reli hakuna treni iliyowahi kugonga nyingine. Hilo alilikubali kwa kichwa. Ukasema alimpenda mke wake. Hapo akasema, "Pale, Kambale hakukosa."

Nilimuuliza kama tuombe misa ya kufuta kile kilio. Hakutaka. "Ule Paluku hakukuwa na mutu," akaniambia. "Aliogopa kufa kama imbwa. Sasa Butembo ilimulilia, hata bibi yangu alinyoa nywele. Kile kilio ni yake, tusimunyanganye." Kwa hiyo nywele zako hazikupotea bure, Mama. Wasingya, asante, ndivyo anavyosema Baba kwa niaba ya rafiki yake.

Sasa shida yangu. Miguu ya Baba inavimba, na daktari amesema asafiri sasa, wakati bado anaweza kukaa kitini. Muuza vitenge yuko tayari kumleta mpaka kwenye uwanja wa ndege wa Butembo. Mimi nimekwisha kufunga sanduku lake. Yeye analifungua. Anasema nyumba iliyokwisha kulia imekwisha kufagia pia, na hataki kuingia kama deni lililosahaulika. Nikamwambia, Baba, pale ni kwako. Akanijibu kama mkuu wa kituo asiyeachia treni kabla kituo cha mbele hakijaitikia: "Treni haitokake kama gare ya mbele haiyasema voie libre."

Unalijua neno hilo kuliko mimi. Kila mwaka aliporudi likizo na samaki wake wa chumvi, hakusukuma mlango wa ua, wa lupango kama anavyosema yeye. Alisimama nje akaita, "Voie libre?" na sisi watoto tulishika pumzi, maana wewe ndiwe uliyejibu. Kama hukuwa umemkasirikia uliita, "Njia iko wazi." Mwaka ule alipochelewa Noeli ulimwacha mvuani mpaka samaki walipolowa. Nilidhani ni mchezo wenu tu. Sasa naona kwamba hajawahi kuingia nyumbani bila wewe kumruhusu, na anaogopa, Mama. Baba yangu asiyeogopa mabomu anaogopa usimjibu.

Phonie ya parokia yetu imerudishwa. Nenda kwenye ya parokia yenu umjibu, au Kambale akupeleke kwa pikipiki ya motari. Usiseme maneno mengi, watu wote husikiliza.

Nisalimie mke wa Kambale aliyekaa na wewe siku zote za matanga, shangazi aliyekunyoa, na katekista aliyeongoza sala. Mwambie sala zake zilifika, ila kwa Paluku mwingine. Mimi nakukumbatia, pamoja na hicho kichwa.

Binti yako, Kavira

Nilitaka kufunga bahasha, Baba akaninyang'anya kalamu. Haya ni yake mwenyewe:

Mama Kambale. Ni miye, Paluku mwenye angali muzima. Niko inje ya lupango. Voie libre?