Mia Tatu Zisizohesabiwa

Jumamosi, 2 Oktoba 1976

Barua ya ofisi ya orodha ya mauzo ya santuri imefika. Evodius kaisoma mara mbili, kanipa, halafu kaenda kusimama dirishani. Nikajua tu. Mume wangu akiwa na habari njema hatulii, anazunguka nyumba nzima na gitaa.

Santuri yetu haimo. Si kwamba imeshindwa — haikuingizwa hata mashindanoni! Haina namba ya toleo. Haina msambazaji. Na wao wanahesabu tu zile zilizouzwa kwenye kaunta za maduka yanayowapelekea fomu kila wiki. Sisi tumeuza mia tatu. Baada ya misa, arusini, kwenye mikutano ya Watanzania wa huku ugenini, zote kutoka kwenye mfuko wangu wa plastiki. Mia tatu! Kwao ni sifuri.

Nimekasirika mpaka nimeunguza wali.

Jumatatu, 4 Oktoba

Mashuka ya hospitali siku nzima, pasi na mvuke, na kichwa changu kwenye barua ile ile. Kwa nini inaniuma hivi? Niseme kweli, hapa hasomi mtu.

Binti yetu Adelina aliwaambia wenzake darasani kwamba mama yake anaimba kwenye santuri. Wakamuuliza mbona hasikiki redioni Jumanne, orodha ikisomwa. Wakamwita mwongo. Ana miaka tisa! Jana nilimuuliza kama bado wanamsema. Akanijibu kwa Kiswidi kwamba haidhuru, akageuka dirishani kama baba yake.

Basi nataka redio isome jina langu. Mara moja. Namba ya ishirini inatosha, sina makuu.

Jumapili, 10 Oktoba

Tumepata msambazaji! Vijana wa Kiswidi wenye nywele ndefu, ofisi yao iko chini ya ardhi huko Södermalm. Wanasambaza santuri za watu wasio na kampuni. Wametupa namba. Jana na leo tumeibandika kwa mkono, mezani jikoni, kwenye makasha yote mia tano yaliyobaki. Muriuki, mpiga besi wetu kutoka Nyeri, amebandika thelathini juu chini. Nikamwambia ndivyo anavyopiga besi. Amecheka, lakini thelathini zile kazibandua mwenyewe.

Nyingine zimepelekwa Uppsala na Göteborg. Hapa kwetu duka la karibu lenye fomu ni la Bwana Lindkvist, Spånga. Basi moja tu kutoka hapa Tensta. Kachukua themanini.

Jumapili, 17 Oktoba

Wiki nzima kwa Lindkvist: nne.

Nne! Na kila ninayekutana naye ananisifia wimbo. Leo baada ya misa nikamvaa Mama Theresia, maana yeye akienda wote wanakwenda. Nikamuuliza kwa nini hajanunua. Akanitazama kama nimemvunjia heshima.

"Mwanangu, nikinunua kwa yule Mzungu, wewe utajuaje kuwa nimekuunga mkono?"

Ni kweli. Mimi mwenyewe arusini sitoi zawadi mpaka bibi arusi awe ananitazama. Watu wetu hawanunui santuri, wananinunulia mimi, na wanataka niwaone. Sisi ndio tuliowazoesha, na mfuko wetu wa plastiki.

Muriuki anataka anunue ishirini peke yake. Nimekataa. Vijana wa Södermalm walituonya: rundo la mtu mmoja linafutwa kwenye fomu. Tena huo ni udanganyifu, na mtoto wangu ameshaitwa mwongo mara moja.

"Sasa si wewe uende usimame huko kwa duka, watu wakuone," akasema Muriuki.

Alikuwa anatania. Mimi sitanii.

Jumamosi, 23 Oktoba

Nimesimama! Saa tatu asubuhi mpaka saa saba, kando ya kaunta, kitenge juu ya sweta, daftari mkononi. Lindkvist alikubali, lakini saa ya kwanza alikuwa akinionea haya. Hakuna aliyeingia. Nami nikajionea haya.

Kisha kofia ya Mama Theresia mlangoni. Kanunua moja, kaiinua juu niione, kasubiri mpaka nimwandike. Nyuma yake foleni! Kila mmoja anaanza kwa salamu — nyumbani, kazini, watoto, miguu ya bibi — ndipo alipe. Lindkvist mwanzoni alikuwa akitazama saa. Kufika adhuhuri yeye mwenyewe anauliza habari za watoto.

Muriuki kanunua moja. Nilimtazama mpaka akatoka.

Daftarini: arobaini na moja. Miguu inawaka moto, na nina furaha. Mama Theresia amepiga simu Uppsala. Huko nako kuna mtu atasimama.

Jumatatu, 25 Oktoba

Nimepita kwa Lindkvist kabla hajaituma fomu. Akanionyesha. Jina langu, kwa mwandiko wa mtu mwingine, katikati ya majina makubwa. Mbele yake: hamsini na nane.

Nikamwambia amekosea. Nikatoa daftari. Akatoa risiti za wiki nzima, tukahesabu pamoja. Hamsini na nane.

Nikamuuliza hao wengine ni nani. Kainua mabega. Watu tu, alisema. Aliipiga dukani siku kadhaa. Mama mmoja mwenye mbwa alirudi na dada yake.

Kumi na saba. Hawajaniona, sijawasalimu, hawadai niwakumbuke. Nimelia kwenye basi kama mjinga.

Lindkvist amenionya kwamba duka moja halitoshi, itategemea fomu za wengine. Orodha itasomwa Jumanne ya wiki ijayo.

Jumanne, 2 Novemba

Naandika huku redio inasema. Jikoni hakuna nafasi. Evodius, Muriuki, Mama Theresia na kofia yake. Adelina kaleta wenzake wawili wa darasani — sikumwomba! Wamekaa sakafuni, wanakula maandazi, wananitazama mdomo.

Ishirini: si sisi. Kumi na tisa: si sisi. Adelina hanitazami. Nimemwambia kwamba wapo watu kumi na saba nisiowajua, na kwamba hao hakuna wa kunipokonya. Sijui kama amenielewa.

Kumi na nane.

Karatasi ya mtangazaji inachakarika. Anakohoa. Anaomba radhi mapema, anasema hili jina hajui kama atalitamka sawasawa —