Siku Tuliita Wale Bado Kuzaliwa

Mujukuu wangu Furaha,

Jambo sana kutoka Nguba. Sisi tuko salama. Mama yako anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, na anakusalimia. Umeniuliza namna gani utaongoza ile shirika yako ya Kinshasa, kwa sababu mu mukutano kila mutu anasema ndiyo, kisha mambo inaharibika.

Nilikuwa bado musichana kule Bunyakiri. Shefu mupya wa kijiji alitaka tukate pori yote juu ya chemchemi, na wazee wa barza walikubali haraka. Shangazi yangu akasema, "Shefu, bado hatujaita."

Desturi yetu ilikuwa hivi: mbele ya kukata neno, tuliita wale hawako, kisha tukangoja. Shangazi akaita waliokufa. Kimya. Akaita walio safarini. Kimya. Akaita wale bado kuzaliwa, na ndani ya pori sauti ya mutoto mwanamuke ikaitika, "Tuko."

Watoto wote wa kijiji walikuwa mbele yetu, wamefunga midomo. Shefu akaweka panga yake chini. Ile pori iko mpaka leo.

Basi nawe, mbele ya kutia sahihi, ita wale hawako mu mukutano, na uwape muda. Sisemi watajibu.

Lakini mama yako, mutoto wangu wa kwanza, siku alianza kusema nilimuita toka jikoni. Akaitika, na sufuria ikaniponyoka mu mikono. Ile sauti nilikuwa ninaijua.

Koko wako