Pampu Mpya na Masikio ya Bi Mize

Jumanne, baada ya isha. Mvua ya vuli ilipiga asubuhi, mchana likatoka jua la kuchoma visigino, na sasa uani kumetulia. Mimi ndiye sijatulia. Chai imepoa mbele yangu na sijaigusa, kwa furaha.

Nimeipata. Mizunguko elfu moja mia tisa na hamsini kwa dakika.

Nianze mwanzo, maana nikija kuisoma hii baada ya mwaka nitajiona mwehu. Mimi ni msimamizi wa nyumba ya wageni hapa Mji Mkongwe, na uani tuna bwawa la kuogelea. Bwawa lenyewe dogo, wakiingia watu sita wanagusana magoti. Pampu yake iko chini ya ngazi, na ukuta wa pale ndio ukuta wa ukumbi wa jirani yetu Bi Mize, anayesomesha watoto Kurani, chuo chake kiko humo humo, baada ya alasiri na tena baada ya magharibi. Mimi mwenyewe nimesoma kwake. Bakora yake naijua.

Nikiri kabla sijaanza kujisifu. Bwawa lilipochimbwa, aliyesema pampu ikae chini ya ngazi ni mimi. Nilitaka wageni wasiione. Bi Mize hakunipitia kichwani hata kidogo.

Pampu ya zamani ilikuwa na mwendo mmoja tu, wa mbio. Ilinguruma mchana kutwa na ukuta ukitetema nayo. Bi Mize hakusema neno. Alihamisha mkeka mara mbili, akawaambia watoto wapaze sauti, na tukikutana ni shikamoo, marahaba, hujambo mwanangu, basi. Sisi wa mtaa huu tukiudhika ndiyo kwanza adabu inazidi. Mpaka wiki mbili nyuma, mama wa mwanafunzi mmoja akanambia dukani kuwa Bi Mize anafunga chuo. Masikio yake yamepungua nguvu, na yeye husahihisha kwa sikio: mtoto akiitoa mdomoni herufi ya kooni, anamrudisha. Pampu ikinguruma, hatofautishi. Kasema hawezi kubeba dhima ya kusomesha asichokisikia. Atamaliza Jumatano ya wiki hii, na baada ya mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi hafungui tena.

Nilirudi nikalia jikoni.

Kuizima wakati wa chuo nilishajaribu zamani. Saa hizo ndizo wageni wanarudi kutoka Jambiani na Nungwi, na mchanga wao na mafuta yao ya jua, na bwawa likawa supu. Safari hii nikampigia simu tajiri wangu, mwenye nyumba, ambaye yuko Maskati, nikambembeleza mpaka akachoka. Akakubali pampu mpya kwa sharti moja: maji yakichafuka mbele ya wageni, ya zamani inarudi.

Jamani, hii pampu. Unaipangia mwendo unaoutaka, na kuna kisanduku ukutani kinachoiendesha chenyewe kwa saa ulizokiwekea, nawe unakiamrisha kwa simu hata ukiwa sokoni Darajani. Na lililonikosesha usingizi kwa raha ni hili: ukipunguza mwendo nusu, umeme haupungui nusu. Unashuka mpaka karibu sehemu moja ya nane. Kwa hiyo maji hayahitaji kukimbizwa. Yaache yatembee pole pole saa nyingi, yapite kwenye filta kwa utulivu, na yanasafika vizuri tu huku umeme ukitumika kiduchu. Miaka yote hii tulikuwa tunayakimbiza bure.

Basi na mimi nikaichukua pole pole hiyo nikaipitisha mpaka. Ijumaa nikaiweka elfu moja na mia mbili. Nikaweka kiganja ukutani, kimya. Nikajiona injinia. Nikatembea kifua mbele siku tatu nzima.

Jana asubuhi maji yakaamka na ukungu. Mgeni mmoja mama mtu mzima akaniuliza kwa upole kama yako salama, nikatamani ardhi inimeze. Kumbe ile mashine inayotengeneza klorini kutokana na chumvi ina swichi yake ya kupima mkondo, na maji yakipita kinyonge mno inagoma. Taa nyekundu ilikuwa inaniangalia tangu Ijumaa nami sijaiona, kwa kujisifu. Nikafunga bwawa, nikatia dawa kwa mkono, nikampigia tajiri nikamweleza ukweli. Akanambia subira yake mwisho kesho, Jumatano.

Nikapandisha. Elfu moja na mia tano, nyekundu. Elfu moja na mia saba, kijani. Lakini ukuta ukaanza kuvuma mvumo mzito, mbaya kuliko wa pampu ya zamani. Nikipunguza, klorini hakuna. Nikiacha, chuo hakuna.

Leo alasiri nikafanya lililobaki. Nikachukua simu yangu nikabisha hodi kwa Bi Mize.

Alikuwa na watoto kiasi cha kumi mkekani. Nikamweleza. Akaitazama simu, akanitazama mimi.

"Hiyo ndiyo inayoendesha maji?"

"Ndiyo, Bi Mize."

"Haya, kaa."

Akamwita msichana mdogo asome, yeye akafumba macho. Kwenye elfu moja na mia saba akatikisa kichwa. Kidole changu kikaenda kupunguza.

"Panda," akasema.

Nikamwambia nikipandisha kelele itazidi.

"Umekuja kuniuliza au kunisomesha? Panda."

Nikapanda hamsini hamsini. Mia nane, unavuma. Mia tisa, umefifia. Mia tisa na hamsini, ukuta ukanyamaza, yakabaki maji tu yanapita kwa mbali. Sikuamini. Nadhani lile bomba lililoshikwa ukutani lina mwendo wake mmoja linaoupenda kutetemea, ukiuvuka linatulia. Nimetafuta jawabu chini siku zote hizi na lilikuwa juu.

Msichana akaendelea kusoma. Bi Mize akanyanyua kidole bila kufumbua macho. "Rudia. Hiyo naitaka ya kooni."

Kasikia. Kasikia, na pampu inakwenda na taa ya kijani inawaka.

Nikawapangia saa zao pale pale mkekani: mwendo huo mchana wote mpaka isha, usiku mwendo mdogo kabisa, na saa moja ya mbio saa nne asubuhi, watoto wakiwa skuli, kufagia uchafu wa juu. Kisha yakanitoka. Nikamwambia aliyeiweka pampu pale ukutani kwake ni mimi.

"Najua," akasema. "Nilikuona dirishani unamwonyesha fundi. Nilikuwa nakungoja useme."

Miaka mitatu kaningoja.

Akasema Jumamosi chuo kipo kama kawaida, watoto wakawaambie mama zao. Halafu akanigeukia. "Na wewe. Soma Alhamdu."

Mbele ya watoto wale, mimi na miaka yangu thelathini na sita. Sikufika mbali, neno la kwanza tu akanyanyua kidole. "Ha yako ya mdomoni. Ulikuwa nayo hivyo hivyo una miaka tisa. Kesho alasiri uje, ukae na wadogo."

Watoto wamenicheka mpaka wakalala mkekani. Nami sijawahi kurudishwa kosa nikafurahi namna hii.

Kesho n'tasafisha kichujio cha pampu, nipime klorini, nimpelekee tajiri picha ya maji. Alasiri nnakwenda chuoni. Hapa nilipo najaribu ile ha peke yangu, na bado haijatoka.