Namba Niliyokuchagulia

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Tangu wewe na mumeo Athumani mrudi Tanga, kila ukinipigia simu swali lako la kwanza ni lile lile: "Kaka, figo letu linaendeleaje?" Nami hujibu kwamba linaendelea vizuri, alhamdulillahi, kisha naharakisha kuuliza habari za watoto. Leo nataka kukwambia kwa nini naharakisha.

Unakumbuka, mlipokuwa bado huku ughaibuni, tulivyoitwa hospitali, kule karibu na Harborne. Mafigo yangu yalikuwa yamekwisha, nimechoshwa na mashine ya kusafisha damu, na vipimo vilionyesha kwamba lako litanifaa. Muuguzi alitukalisha pamoja akatueleza kuwa mtu aliyetoa figo hubaki na hatari ya ziada, kwamba lile lililobaki laweza kushindwa kazi baadaye. Ukamwuliza hatari hiyo ni kubwa kiasi gani. Kabla ya kukutajia yako, akatufundisha kwa mfano. Tufanye, alisema, ugonjwa fulani humpata mtu mmoja katika mia. Ukianza kuwapata wawili, ni kweli hatari imepanda kwa asilimia mia. Na ni kweli pia kwamba aliyeongezeka ni mtu mmoja tu kati ya wote mia. Ukipewa namba ya kwanza, alisema, uliza na ya pili.

Wewe ukauliza zote. Mimi nilikuwa nimeshachagua yangu.

Jioni ile, sebuleni kwenu Handsworth, Athumani alitaka kujua tulichoambiwa. Ulimweleza yote bila kupunguza, na uso ukamshuka. Nikadakia kabla hajasema kitu. Nilimwambia asitishwe na habari za kupanda mara ngapi, nyongeza yenyewe ni ndogo mno. Nilisema sana, kama muuza duka anayesifia kitambaa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole:

"Shemeji, ingekuwa wewe ndiye unayetoa, ungetutajia namba ipi?"

Nikachukua kikombe changu cha chai. Ukajibu wewe, mkono wako begani kwake.

"Nimezisikia zote mbili. Mwili ni wangu na kaka ni wangu. Nitatoa."

Nikainamia chai yangu. Nilipaswa kukwambia usiamue jioni moja, ukafikirie kwanza. Sikusema, kwa kuwa niliogopa ungefikiria kweli.

Sasa naipanda Soho Road kwa miguu bila kupumzika, na maji, niliyokuwa nikipimiwa, nakunywa kwa kiu yangu. Nawe kila mwaka unakwenda kupimwa huko, wala sijawahi kukuuliza majibu. Si kwamba nasahau. Nahofia usije ukawa yule aliyeongezeka, na mimi ndiye niliyesema ni mmoja tu. Juzi uliniambia umetoka hospitali sasa hivi, nami nikakuuliza kama mvua zimeanza. Ukasema bado. Nilikata simu nikakaa kitandani, nashindwa hata kujitazama kwenye kioo cha kabati.

Mwambie Athumani kwamba ningetaja ile namba kubwa. Ningeitaja kwa sauti, na ningeomba muda.

Nawe mdogo wangu, nakuuliza leo, kwa kuchelewa na kwa haya: vipimo vyako vimesemaje? Majibu yakiwa mazuri niambie. Yakiwa mabaya, niambie mimi kwanza.

Nakungoja,
Kaka yako