Vigelegele vya Kazungu Vimepigwa

Baba Karisa, mume wangu,

Hujambo huko Kibarani? Goti limetulia, au bado wapanda mnazi kwa ubishi? Kuku wapewe maji, wewe ukikaa barazani huwa wasahau. Mimi ni mzima, Karisa mzima, mkewe Sidi ameshapata nguvu, na huyu mjukuu anayelala mapajani mwangu ni mzima kutushinda sote. Nina furaha hata kalamu yanikimbia. Ningekupigia, ila mtoto amelala na kuta za huku ni nyembamba.

Ndiyo maana kwenye simu wanisikia nanong'ona. Siumwi. Huku Ujerumani ndivyo watu wanavyoishi. Tuko ghorofa ya tatu, juu watu, chini watu, na husikii hata mtu kukohoa. Hakuna jogoo, hakuna adhana, hakuna mashine ya kusaga mahindi. Siku ya kwanza nilimwuliza Karisa kama majirani wamefiwa.

Sasa nikupe habari ya kinu nilichokuja nacho. Sidi alipokaribia kujifungua nilitaka kumtwangia pilipili manga na tangawizi kavu za uji wa mzazi. Nikaweka kinu sakafuni Jumapili asubuhi, nikatwanga kama niko uani kwetu. Kumbe Jumapili huku hata msumari haupigwi. Bibi anayekaa chini yetu akamshtakia mwenye nyumba, naye akamwambia Karisa: kelele moja tena, mtafute pengine pa kukaa. Nyumba hii mwanao aliitafuta mpaka akachoka. Nikajiuliza, mimi nimekuja kulea mjukuu au kumtoa nje?

Ndipo akazaliwa. Mvulana, jina lako, Kazungu. Hospitalini nilifungua kinywa nipige vigelegele, Karisa akaniziba kwa kiganja. "Hapa pana wagonjwa, Mama. Utapiga nyumbani." Nyumbani nako nikakumbuka kinu, nikanyamaza. Nawe ukaniuliza kwa simu, "Mbona sikusikia vigelegele? Jina langu limeingia kimyakimya kama mwizi?"

Mtoto wa kwanza wa Karisa, Kazungu mzima, anaogeshwa, ananyonyeshwa, na hakuna mwanamke aliyemshangilia. Kila nikimtazama naona kama bado yuko mlangoni, hajaambiwa karibu.

Basi jana jioni nakoroga uji, mara nyumba nzima ikanguruma, juu, chini, ng'ambo ya barabara. Mwiko ukaniponyoka.

"Kuna nini?"

"Goli, Mama. Nchi yao inacheza."

"Na mwenye nyumba je?"

Karisa akacheka. "Naye anapiga kelele huko aliko. Leo ni ruhusa."

"Watafunga tena?"

"Nitajuaje mimi?"

Nikazima jiko, nikamfunga mtoto kwa leso, nikasimama roshanini nikangoja. Sidi akanitania, "Mama, tangu lini wewe na mpira?" Nikamwambia aniache, naomba Mungu. Ni kweli niliomba. Niliwaombea vijana nisiowajua hata majina wafunge moja tu, moja ya Kazungu.

Wakafunga. Mji wote ukapiga kelele, nami nikaachia. Vile vya kutoka tumboni, Baba Karisa, kama nilivyompigia Karisa kwenye harusi yake. Sidi naye akaja kunipokea. Ila nilinogewa. Watu walinyamaza mimi bado naendelea, na kigelegele cha mwisho kikabaki peke yake hewani, mtaa mzima wakisikia. Nikakimbilia ndani.

Leo asubuhi mlango ukagongwa. Yule bibi wa chini. Akasema na Sidi, na Sidi akaangua kicheko.

"Anasema hajapata kuona mtu anayependa mpira kama wewe. Siku nyingine ushuke mtazame pamoja, na sauti ile uje nayo."

"Mwambie kweli," nikasema. "Mwambie ni ya mtoto."

Sidi akamwambia. Bibi akamtazama Kazungu, akashuka. Nikajua basi, tumefukuzwa. Kumbe amefuata zulia lake nene. Akarudi nalo, akaliingiza chini ya kinu changu kwa mikono yake, kisha akamfahamisha Sidi: siku za kazi twanga upendavyo, Jumapili hapana. Karisa mpaka sasa anacheka peke yake.

Nisalimie mavyaa wangu, mwambie shikamoo, kitukuu wake ana masikio yake. Msalimie dada yako muuza mahamri, na mama jirani anayekusaidia kuchunga kuku. Na jogoo wetu umrekodi kwenye simu unitumie, nimwekee mtoto aizoee sauti ya kwao.

Nawe mzee wa kununa, usiseme tena jina lako liliingia kama mwizi. Mji mzima ulisimama ukalipigia kelele. Wao wanadhani ilikuwa goli.

Mkeo anayekukumbuka,
Mama Karisa