Wifi Alivyonijibia kwa Nesi

Maretadu, Jumanne jioni

Andika, mjukuu wangu, na matusi yangu uyaandike. Huyu wifi yangu! Nimemwomba anisindikize zahanati tu, kwa sababu silali vizuri, yeye akaenda kunisemea. Mkoa wametupa mpya, Manyara, lakini zahanati benchi ni lile lile moja, bovu.

Nesi akaniuliza, "Bibi, mara ya mwisho kufurahi ilikuwa lini?" Sijafungua mdomo, wifi kadakia: "Huyu? Kanuna tangu kaka yangu amuoe. Ndiyo tabia yake!" Akacheka.

Nesi hakucheka. Akamwambia wifi, "Mama, wewe utusubiri nje kidogo." Lo, nilisikia raha!

Akaniambia kuna ugonjwa wa huzuni usiomlaza mtu. Unalima, unapika, lakini ndani hakuna ladha, miaka na miaka. Nikamkatalia. Kwetu mgonjwa ni yule aliyelala. Mimi hata ng'ombe wetu alipozaa mapacha, wenzangu wanapiga vigelegele, mimi nimeshika kamba tu, nawaza kuni za kesho. Nikajua ndivyo nilivyoumbwa.

Sasa nina hasira. Kama ni ugonjwa, mbona wote wameniita mchungu, na mimi nikakubali? Tena naogopa. Ugonjwa ukinitoka, sijui nitabaki mtu gani.

Ijumaa narudi kwa nesi, na wifi asinifuate. Lile swali nataka kulijibu mwenyewe, hata kama jibu ni kwamba sikumbuki.