Jibu la Mama Mbele ya Mjumbe

Baba,

Nakuandikia kukuarifu kwamba Mama ameulizwa kama tumewahi kuvamiwa na wezi, naye amejibu hapana.

Tangu tukuzike shambani Mbozi, nimehitimu chuo Dar na kuajiriwa katika utafiti wa uhalifu waliotendewa wakazi na wafanyabiashara wa Tunduma. Ungefurahi kuniona na kitambulisho shingoni. Yule mama muuza dagaa wa kapenta, jirani wa duka lako, alinicheka: "Msomi, nikikutajia nilichoibiwa, utanirudishia?" Nikamweleza kwa ufasaha umuhimu wa takwimu. Akaendelea kupima samaki wake.

Kila nyumba tuliingia na mjumbe wa nyumba kumi. Mimi ndiye niliyeshauri hivyo, ili tupokelewe kwa heshima. Tukapokelewa. Mjumbe alikaa kiti cha mbele, akatangulia kujibu: "Mtaa wangu shwari." Nao wakaitikia, "Shwari, mzee." Hata wale waliokubeba kutoka dukani, Baba, ukivuja damu.

Kwetu alihoji mtafiti mwenzangu, kwa kuwa sikuruhusiwa kumhoji mtu wa familia yangu. Nilisimama mlangoni. Mama alimtazama mjumbe, akainamisha macho. "Hapana, mwanangu. Hatujavamiwa."

Walipoondoka nilimuuliza kwa sauti ambayo usingeipenda. Akasema, "Waliomuua baba yako wananisalimia sokoni. Mzee mjumbe si mtu mbaya, ila kunyamaza hawezi. Wewe utarudi Dar. Mimi nitabaki na nani?"

Nikakivua kitambulisho shingoni. Mimi, uliyezoea kuniambia, "Jibu kwanza, ndipo ujisifu."

Kiongozi wa utafiti wetu ameusifu mtaa wetu kwa utulivu, akanisifu na mimi. Nilimwambia hatustahili sifa hizo. Nikaomba turudie mahojiano bila mjumbe. Amekubali, iwapo nitapata walau mkazi mmoja aliye tayari kuhojiwa upya.

Nilimwendea Mama. Nikaapa kwamba jina lake halitaandikwa popote. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nikadhani amenikatalia. Kisha akasema Tunduma hatasema. Atasema mbele yako, kule shambani, pasipo na jirani wa kusikia.

Pumzika, Baba. Naahidi sitamjibia wala sitamharakisha. Mwenzangu ndiye atakayeuliza. Mimi nitakaa mbali, kwenye mibuni, nisubiri mpaka amalize.

Tutafika kaburini kwako Jumamosi, saa tatu asubuhi.